KITI CHA JAJI NI AMANA, SI NGAWIRA YA UCHAGUZI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari, Nyakoe, Kisii)



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan hali tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na wewe msomaji ambaye hukuwapo siku ile, mada niliyopewa ilikuwa "Uadilifu". Ni neno kubwa, na ukilizungumza kijumla kila mtu ataitikia kwa kichwa halafu ataenda kulala. Kwa hiyo nimelibana niliweke mahali pamoja tu: kiti cha jaji kinapobaki wazi na uchaguzi uko karibu, nani anakijaza, kwa njia gani, na sisi tunapaswa kusema nini?

Najua kuna atakayesema, "Hayo ni mambo ya siasa, sisi tumekuja kufunga na kuswali." Ngoja kidogo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha mambo mawili kwa pamoja: kwanza tuzifikishe amana kwa wanaostahiki, kisha tukihukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Tazama mpangilio wake. Amana imetangulia, hukumu imefuata. Wafasiri wengi wameeleza kwamba cheo nacho ni miongoni mwa amana. Maana yake ni kwamba haki haianzi siku jaji anaposoma hukumu. Inaanza siku anapochaguliwa. Aliyekabidhiwa kiti kwa dhulma, utamdai uadilifu kwa mlango gani?

TULIKOTOKA

Wengi wetu hapa mwaka 2007 tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Basi na tuwaulize wazazi wetu, wao wanayakumbuka.

Katika Katiba ya zamani, Rais ndiye aliyemteua Jaji Mkuu, peke yake. Majaji wengine aliwateua kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama, lakini waliokaa katika tume ile wenyewe walikuwa ni watu waliopata vyeo vyao kutoka kwake. Ni kama mchezo wa mpira ambao timu moja inamleta refa, inamlipa nauli na kumpikia chakula cha jioni. Hata refa yule akipuliza filimbi kwa haki, timu ya pili itaamini?

Matokeo yake yanajulikana. Baada ya uchaguzi wa 1992, Kenneth Matiba alipeleka kesi mahakamani kupinga ushindi wa Rais Moi. Mzee yule alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa kizuizini, hawezi kuandika vizuri, na mkewe ndiye aliyemtilia sahihi kwa idhini ya kisheria. Kesi ikatupwa kwa kuwa hakutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1997, Mwai Kibaki naye alikwenda mahakamani. Kesi yake ikatupwa kwa kuwa Rais hakukabidhiwa karatasi za kesi mkononi mwake. Hebu niambie, ni nani angeweza kuwapita walinzi wa Ikulu na kumkabidhi Rais karatasi mkononi? Katika kesi zote mbili kura zenyewe hazikuguswa.

Halafu ukaja mwaka 2007. Kibaki sasa ndiye Rais. Mwaka ule aliteua makamishna wapya wa tume ya uchaguzi bila kushauriana na upinzani, kinyume cha maafikiano ya vyama ya 1997. Na siku chache tu kabla ya kura ya tarehe 27 Desemba, majaji wapya wa Mahakama Kuu wakateuliwa na kuapishwa. Huenda kila mmoja wao alikuwa mtu mwema na mwanasheria hodari. Sina neno juu ya nafsi zao. Lakini wakati wenyewe! Ukimwona mwenye duka anabadilisha mizani usiku wa kuamkia siku ya soko, hata kama mizani mpya ni sawasawa, wanunuzi watasema nini?

Tarehe 30 Desemba matokeo yalitangazwa na Rais akaapishwa jioni ile ile. Upinzani ulipoambiwa uende mahakamani, ulikataa, ukisema mahakama ni ya yule yule anayeshtakiwa. Mzozo uliokosa mlango wa mahakama ukatokea barabarani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Na sisi watu wa Gusii hatuhitaji kusomewa ripoti ile. Mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto. Jamaa zetu waliokuwa Bonde la Ufa walirudi huku na magodoro kichwani, na wengine hawakurudi kabisa. Katika kila ukoo hapa kuna mtu anayeweza kukuhadithia.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema kwamba uteuzi wa majaji ni mambo ya mawakili wa Nairobi, mkumbushe Borabu. Raia asipouamini mlango wa mahakama, hutafuta mlango mwingine.

VITI VITATU VYA MWAKA 2016

Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Ilileta Mahakama ya Juu yenye majaji saba, na ikabadilisha njia ya kuwapata. Nafasi ikiwa wazi inatangazwa, wanaotaka wanaomba, majina yanachapishwa, wananchi wanaruhusiwa kuleta maoni kwa maandishi, halafu wanahojiwa hadharani na tume ya watu kumi na mmoja. Ndani yake mna majaji na hakimu, mawakili wawili waliochaguliwa na wenzao, Mwanasheria Mkuu, na wawakilishi wa raia wa kawaida. Rais anateua yule aliyependekezwa na tume. Kwa Jaji Mkuu na Naibu wake, Bunge la Taifa nalo lazima liidhinishe.

Jaribio la kwanza lilikuja mapema. Januari 2011 Rais Kibaki alitaja jina la Jaji Mkuu mpya, Alnashir Visram, pamoja na majina ya vyeo vingine. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hakushauriwa ipasavyo, na tume haikuwa imependekeza. Mahakama Kuu ikasema utaratibu ule ulikiuka Katiba, Spika wa Bunge Kenneth Marende naye akaukataa, na mwezi Februari Rais akayaondoa majina. Nafasi ikatangazwa upya, watu wakahojiwa mbele ya televisheni, akapatikana Dkt. Willy Mutunga. Zingatia kwamba hakuna aliyesema Jaji Visram hafai. Kilichokataliwa ni mlango alioingizwa nao. Hata chakula cha halali, ukikipata kwa njia ya haramu, kimeharibika.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu. Jaji Mkuu anastaafu akifika miaka 70. Mutunga alizaliwa tarehe 16 Juni 1947. Angekaa hadi siku yake ya mwisho, kiti chake kingekuwa wazi Juni 2017, wiki saba na ushee kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017. Hebu fikiria vurugu la kumtafuta Jaji Mkuu katikati ya kampeni, kila upande ukivuta wake, na mshindwa ana siku saba tu za kupeleka kesi, na mahakama ina siku kumi na nne tu za kuiamua! Mutunga hakungoja. Aliondoka Juni 2016, mwaka mzima kabla ya wakati wake, ili atakayemrithi apate muda wa kujiandaa. Mshahara wa mwaka mzima, gari, walinzi na heshima, aliviacha. Ndugu yangu, kuishika amana ni kazi, na kuiachia kwa wakati nayo ni kazi. Wangapi kati yetu wanaweza kuachia hata uenyekiti wa kamati ya msikiti?

Siku zile zile, mzozo kuhusu umri wa kustaafu, kama ni miaka 70 au 74, ulimalizika kwa Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi kuondoka. Kwa hiyo viti vitatu kati ya saba vikawa wazi kwa mara moja, miezi kumi na minne tu kabla ya uchaguzi. Unaelewa uzito wake? Ikiwa kulikuwa na wakati wa mwanasiasa kupanga watu wake, ulikuwa ni huo.

Tume ikatangaza, ikahoji. Kiti cha Jaji Mkuu akakipata David Maraga, mzaliwa wa jirani zetu hapa Nyamira, aliyekuwa jaji tangu 2003 na aliyekuwa akisimamia Mahakama ya Rufaa kule Kisumu. Philomena Mwilu akawa Naibu wake. Isaac Lenaola akachukua kiti cha tatu. Wote watatu waliapishwa Oktoba 2016.

Haya, Agosti 2017 uchaguzi ukafanyika. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 54, Raila Odinga akaenda mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji sita walisoma uamuzi. Wa saba, Mohammed Ibrahim, alikuwa ameugua. Wanne dhidi ya wawili, wakaufuta uchaguzi wa Rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Wale wanne ni nani? Maraga, Mwilu, Lenaola, na Smokin Wanjala. Yaani watatu kati ya wanne waliomwambia Rais aliyeko madarakani kwamba uchaguzi wake haukufuata sheria, walikuwa wamekaa katika viti vilivyojazwa mwaka mmoja kabla, na hati zao za uteuzi zilitiwa sahihi na Rais huyo huyo.

Tafakari hapo. Sahihi ilikuwa yake. Deni halikuwa lake.

Mwanachuoni yeyote wa historia yetu atakukumbusha Kadhi Shurayh. Sayyidna Umar (R.A.) ndiye aliyemweka ukadhi mji wa Kufa, na Sayyidna Ali (R.A.) alipokuwa Khalifa akamwacha palepale. Wanasimulia kwamba Ali alipoteza deraya yake, akaikuta kwa mtu asiyekuwa Muislamu, wakapelekana kwa Shurayh. Kadhi akamtaka Khalifa alete mashahidi. Akamleta mwanawe Hasan. Kadhi akasema ushahidi wa mtoto kwa baba yake haukubaliki. Hukumu ikamwendea yule mtu, Khalifa akaondoka mikono mitupu bila kumtishia kadhi wala kumfukuza. Mtu yule alipoona haki ya namna hiyo alisilimu na kukiri kwamba deraya ilikuwa ya Ali. Aliyekuweka kitini hakukununua.

Linganisha na yaliyotokea kwetu. Siku ile ile ya uamuzi, Rais alisimama sokoni Nairobi akawaita majaji wale wakora. Na usiku wa kuamkia Oktoba 25, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa hospitali kwa majeraha ya risasi. Asubuhi yake, kesi ya kutaka uchaguzi wa marudio uahirishwe haikusikizwa, kwa kuwa waliofika ni Maraga na Lenaola tu, na sheria inataka watano. Viti vilikuwepo, vimejazwa, na bado vilikuwa vitupu. Ukiisha kumteua mtu mwadilifu, kazi haijaisha. Inabidi jamii imlinde.

"MTOTO WETU"

Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawachoma baadhi yetu, lakini Ramadhan ni mwezi wa kuambizana ukweli.

Maraga alipoteuliwa, shangwe ilijaa Kisii na Nyamira. Neno lilikuwa moja: "mtoto wetu." Si vibaya kumfurahia wa nyumbani aliyefanikiwa. Lakini neno hilo likitoka kwenye furaha likaingia kwenye hesabu, kwamba sasa tuna mtu wetu na kesi zetu zitanyooka, limekuwa rushwa bila ya pesa.

Je, watu wa Nyakoe walipata nini kwa Jaji Mkuu kutoka Nyamira? Barabara? Kazi? Hukumu za upendeleo? Walipata kile kile walichopata watu wa Garissa na Turkana: mahakama iliyoweza kusema hapana. Na tarehe 20 Novemba 2017 mahakama ile ile, kwa kauli moja, ikauthibitisha ushindi wa Uhuru katika uchaguzi wa marudio. Waliomsifu Maraga mwezi wa Septemba, baadhi yao walimgeuka Novemba, na waliomtukana wakanyamaza. Yeye hakuwa wa hawa wala wale. Mwaka 2025 alitangaza kwamba atawania urais, na hilo ni jambo lake na wapiga kura. Sikusimama hapa kumpigia debe. Ninazungumzia kiti alichokalia, na namna alivyokifikia.

Kuna jambo moja la Maraga linalotuhusu sana. Yeye ni Msabato. Alipohojiwa na tume mwaka 2016 aliulizwa: ukiletewa kesi ya urais siku ya Jumamosi utafanyaje? Kesi ile ina siku kumi na nne tu, na Jumamosi zimo ndani yake. Mwingine angetafuta maneno ya kuteleza apate kazi. Yeye alisema waziwazi kwamba kwake ni vigumu sana kukaa mahakamani siku ya Sabato, na angezungumza na wenzake watafute njia. Kazi akaipata. Na mwaka 2017 kikao cha kwanza cha kesi ile kilipoangukia Jumamosi, kilianza jioni, jua likiwa limetua. Sisi tunaokaa tukingoja jua litue kila siku ya mwezi huu tunaijua subira hiyo.

Ewe kijana wa Kiislamu unayeficha kofia yako mfukoni siku ya mahojiano ya kazi, na wewe dada unayefikiria kuivua hijabu ili upokewe, jifunzeni kwa jirani. Kusema kweli kuhusu dini yako hakukupunguzii riziki aliyokuandikia Allah.

NA SISI WAISLAMU JE?

Sasa tujigeukie wenyewe. Jaji Mohammed Ibrahim niliyemtaja alikuwa Muislamu, mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu tangu 2011. Alipokuwa wakili kijana aliwekwa kizuizini mwaka 1990 kwa kutetea demokrasia. Alifariki Desemba 2025, Allah amrehemu. Kiti kama chake kinapobaki wazi na uchaguzi wa 2027 unatazamwa, ni rahisi ulimi wetu kukimbilia kusema, "Kile ni kiti cha Waislamu, tupewe."

Nasema hivi. Tuna haki ya kutaka Kenya yote ionekane katika mahakama zake, nasi tumo katika Kenya. Lakini kiti hakina dini. Tukidai Muislamu kwa kuwa ni Muislamu tu, tumefanya lile lile la "mtoto wetu", tofauti ni kwamba tumelivisha kanzu. Tudai Waislamu wanaofaa wasirukwe. Hilo ni dai la haki. Kisha aliye bora apewe, awe nani. Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao. Vipi tutauacha kwa sababu ya watu tunaopendana nao?

Tena tukumbuke jinsi jambo hili lilivyotugusa wenyewe. Tarehe 24 Mei 2010, siku sabini na mbili kabla ya kura ya maoni, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuwekwa kwa Mahakama za Kadhi katika Katiba ni kinyume cha Katiba yenyewe. Kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 2004. Imelala miaka sita, ikaamka wakati wa kampeni! Waislamu wengi walishtuka, na haki yao kushtuka. Wananchi wakaipitisha Katiba kwa asilimia 67, na Mahakama za Kadhi zimo katika kifungu cha 170. Na makadhi wetu wanaajiriwa na nani? Na tume ile ile ya majaji. Kwa hiyo ukiinyamazia tume ile inapochezewa, umenyamazia pia mirathi ya mama yako na talaka ya dada yako.

KITI KITUPU NACHO NI SIASA

Usidhani hila iko katika kujaza tu. Hata kuacha wazi ni hila.

Julai 2019 tume ilipendekeza majaji 41. Rais Kenyatta akakataa kuwateua, akisema baadhi yao wana dosari za maadili. Mahakama Kuu ikaamua kwamba hana mamlaka ya kuchagua nani amteue na nani amwache. Ikawa kimya. Juni 2021, takriban miaka miwili baadaye, aliwateua 34 na kuwaacha sita. Miongoni mwa sita hao walikuwa George Odunga na Joel Ngugi, ambao mwezi mmoja kabla walikuwa katika jopo la majaji watano lililousimamisha mpango wa BBI. Uamuzi huo na kuachwa kwao vinahusiana? Mwenye akili aliunganisha mwenyewe. Waliapishwa Septemba 2022 tu, utawala ulipobadilika. Nikubali pia kwamba Rais mpya naye alikuwa na faida ya kisiasa kulifanya jambo hilo mara tu baada ya kuapishwa. Jaji akifurahiwa na kila serikali inayoingia, na kuchukiwa na kila inayotoka, bado hatujafika.

Katika sita hao wawili walikuwa wamependekezwa kwenda mahakama ya mazingira na ardhi. Mnajua wenyewe ardhi ya Gusii ilivyobanana, shamba la babu limegawanywa mpaka limekuwa mistari ya migomba. Mjane anayedai kipande chake, kesi ikiahirishwa kwa kuwa hakuna jaji wa kutosha, hajui BBI ni nini. Yeye anajua nauli tu. Anapanda matatu hapa stejini kwenda Kisii mjini, anaambiwa rudi mwezi ujao.

Na tusifikiri ni ugonjwa wa Afrika. Huko Marekani, Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari 2016, wakuu wa chama cha Republican katika Seneti walikataa hata kumhoji aliyependekezwa na Rais Obama, Merrick Garland. Hoja yao: ni mwaka wa uchaguzi, wananchi wangojewe. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipofariki Septemba 2020, chama hicho hicho kilimpitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi. Hoja ya mwaka 2016 ilikwenda wapi? Waliitetea wakisema mara hii Rais na Seneti ni wa chama kimoja. Kanuni inayobadilika kwa kutegemea nani anafaidika haiwi kanuni tena. Na huko, kwa kuwa jaji anakaa mpaka afe au ajiuzulu, kila kifo cha jaji kinakuwa vita. Sisi angalau tarehe ya kuzaliwa ya jaji inajulikana, miaka 70 inahesabika. Kinachotukosa ni uaminifu wa kujipanga mapema kama alivyofanya Mutunga.

TUFANYE NINI?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba waamuzi ni watatu: mmoja ndiye wa Peponi, aliyeijua haki akahukumu kwayo, na wawili ni wa Motoni, aliyeijua akaipinda, na aliyehukumu kwa ujinga. Kwa khofu ya hadithi hii Imam Abu Hanifa alikataa ukadhi wa Khalifa Mansur, akafungwa kwa kukataa kwake. Na Mtume alimuusia Abdur-Rahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa kwa kuuomba huachiwa mwenyewe.

Utaniuliza: sasa leo majaji wanajaza fomu kuomba kazi, tuseme wote wamekosea? La. Nabii Yusuf (A.S.) aliomba asimamie hazina za Misri, na akataja sifa mbili: uaminifu na ujuzi. Wanavyuoni wakasema anayeona amana itapotea, naye anajua anaweza kuibeba, anaruhusiwa kujitokeza. Basi hizo sifa mbili ndizo mizani yetu. Ni mwaminifu? Anajua kazi? Kabila, dini, chama na ukoo havimo.

Kwa vitendo, mambo manne:

Kwanza, nafasi ya jaji inapotangazwa, tuisome. Majina yakichapishwa na tume ikaomba maoni ya wananchi, tuandike. Kikundi cha vijana kama chetu kinaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja. Ukijua mtu ni mla rushwa na una ushahidi, sema. Ukijua ni mwadilifu, sema pia. Kuficha ushahidi ni dhambi. Lakini uvumi wa simu usiupeleke, ni usengenyaji, na saumu yako utaiharibu.

Pili, mahojiano yanaonyeshwa kwenye televisheni. Tuyatazame kama tunavyotazama mpira. Mtoto wa darasa la nane anaweza kumtambua anayejibu na anayezungukazunguka.

Tatu, mwanasiasa akija hapa sokoni kutuambia "jaji fulani ni wetu" au "jaji fulani ni adui", tumuulize swali moja: alipatikana kwa njia gani? Akianza kutaja ukoo, tujue anatutafuta sisi, hatafuti haki.

Nne, na hili ni kwa wanafunzi na wanaharakati wa madrasa: tusomeni sheria. Jaji wa Mahakama Kuu anahitaji uzoefu wa miaka kumi, wa Mahakama ya Juu miaka kumi na tano. Kiti cha mwaka 2045 kinaanza na kijana anayewasha taa kusoma leo. Tusilalamike kwamba Waislamu hatumo, hali hatukuwatuma watoto wetu.

Ndugu msomaji, mtu anayefunga hujinyima maji akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, na hakuna anayemwona ila Allah. Hiyo ndiyo tabia tunayoitaka kwa jaji siku simu ya mkubwa inapolia usiku, na kwa Rais anapoishika kalamu ya uteuzi. Na ndiyo tabia tunayotakiwa kuwa nayo sisi, aliyeteuliwa anapokuwa wa kwetu, na anapokuwa si wa kwetu.

Twamuomba Allah azikubali saumu zetu, aipe nchi yetu amani kabla ya uchaguzi na baada yake, awape mahakimu wetu ujasiri wa kuijua haki na kuihukumu, na awarehemu waliopoteza roho zao mwaka ule wa 2007 na 2008. Yaliyo sawa yametoka kwa Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.